Halijaguswa

Alama ya kiganja ilikuwa yake. Ilibaki mlangoni mwa gari upande wa abiria, vidole vitano vilivyonyooka juu ya rangi ya maziwa. Mumewe, aliyechuchumaa na kitambaa laini mkononi, aliipulizia pumzi mara mbili, akaifuta kwa mizunguko midogo midogo, akarudi nyuma hatua moja kutazama kama imekwisha. Ilikuwa imekwisha. Ndipo alipochomoa bango dogo kwapani na kuliegemeza kwenye kioo cha mbele. Mkewe, aliyekuwa akimlisha mtoto uji kwenye kivuli cha buti lililofunguliwa, alinyanyua macho akasoma neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa: HALIJAGUSWA.

Kijiko kikasimama njiani. Mtoto alikifuata kwa kinywa kilicho wazi, akakikosa, akalalamika, na mama yake hakumsikia.

Uwanja ule wa michezo ulikuwa umegawanywa kwa mistari ya chokaa tangu alfajiri. Upande wa jukwaa yalipangwa magari yaliyokarabatiwa, yale yaliyofumuliwa mpaka mifupa kisha yakaundwa upya, kila moja na faili lake la picha na barua za mafundi. Upande wa pili, chini ya hema jeupe na nyuma ya kamba, yalikuwa matano tu: yale ambayo tangu yatoke kiwandani, miaka hamsini au sitini iliyopita, hayakubadilishwa kitu zaidi ya tairi na betri. Hayo ndiyo yaliyokuwa na heshima. Watu walipoyakaribia waliteremsha sauti, kama wanaoingia kumtazama mgonjwa. Na gari lao, ambalo yeye alilijua kwa ndani kuliko alivyoujua mgongo wake mwenyewe, lilikuwa la tatu katika hayo matano.

Alimwita mumewe kwa kidole, akamuuliza kama amekosea bango. Akajibiwa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa kuulizwa, kwamba hakukosea. Fomu aliijaza wiki mbili zilizopita, na Mwenyekiti wa chama chao cha magari ya kale ndiye aliyemshauri. Kule kwa waliokarabati ushindani ni mkali, na mwamuzi hutaka barua ya fundi anayejulikana, yenye mhuri, nao hawana fundi wa namna hiyo.

"Fundi unaye," alisema. "Jana umelala naye kitanda kimoja."

"Mama Kobe, tafadhali. Watu."

Katika chama kile mtu aliacha jina lake getini. Kila gari lilikuwa na lakabu, mwenye gari akaichukua lakabu hiyo, na mke wa mwenye gari akachukua kilichobaki. Lao, kwa mgongo wake wa mviringo na mwendo wake wa taratibu, liliitwa Kobe. Hivyo mumewe alikuwa Baba Kobe, yeye Mama Kobe, na binti yao wa miezi minane, ambaye kwa haki yote ndiye aliyepaswa kumpa mama yake jina, aliitwa mdogo wake Kobe. Mama Ndovu, mke wa mwenye gari refu jeusi la mwanzo wa safu, alikuwa amemwambia asubuhi ile, walipokuwa wakisuuza vikombe, kwamba ashukuru Mungu. Kobe si neno, alisema. Yeye akiitwa kwa sauti sokoni, watu wote hugeuka kumtazama kiuno. Walicheka mpaka povu likawarukia. Saa moja haijapita tangu wacheke, na sasa jina lilelile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe wake. Alilinunua akiwa kijana, akaliendesha mpaka macho yakamwishia, kisha likakaa bandani miaka tisa. Siku zake za mwisho alimshika mwanawe mkono akamwambia gari lile lisije likaguswa. Mwana akaahidi. Walipofungua banda baada ya mazishi walikuta panya wamelala kwenye kiti cha nyuma vizazi kwa vizazi: ngozi imeliwa, sponji imechimbwa mahandaki, dari linaning'inia kama ulimi wa ng'ombe aliyechoka. Mumewe alilia palepale bandani. Yeye hakulia. Aliuliza mkasi uko wapi.

Viti alivijua. Kabla hajaolewa alikuwa ameshona viti vya mabasi miaka minne katika karakana ya watu, mahali ambapo mshono ulipimwa kwa wanaume watatu wazito waliorukaruka juu yake. Lakini Kobe hakuwa basi. Ngozi mpya ya aina ile haikupatikana popote, hata akapata iliyotumika kwenye mnada wa ofisi ya wakili iliyofungwa: makochi mawili ya kusubiria, ngozi yake imelainishwa kwa miaka mingi na makalio ya watu wenye kesi. Aliyachuna kama anavyochunwa mbuzi, polepole, bila kutoboa. Akaifumua ngozi ya zamani ya Kobe, akaitandaza kipande kwa kipande kwenye sakafu ya chumba chao cha kulala, akahesabu matundu ya sindano ya kiwanda, akatoboa matundu yaleyale, kwa umbali uleule, kwenye ngozi ya wakili. Akaizeesha kwa machicha ya kahawa na nta ya viatu. Kisha akashona kwa mkono, uzi mmoja wenye sindano mbili, moja ikienda na nyingine ikirudi katika tundu hilohilo, kwa sababu cherehani yake ya nyumbani isingeweza kuutafuna unene ule. Alishona mimba ikiwa ya miezi minne. Alishona ikiwa ya miezi saba, kiti kimeegemea tumbo, na mtoto akikipiga teke kwa upande wake kama anayeuliza nani huyo. Dari alilimaliza amelala chali ndani ya gari, na uchungu wa kwanza ulimkuta hapohapo, sindano ikiwa bado imechomekwa juu.

Ahadi alipewa, hakuiomba. Mumewe, aliposhika kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza baada ya kukirudisha mahali pake, alisema kwamba siku ya maonyesho atawasimamisha wanachama wote mbele ya kazi ile na kuwaambia imetoka mikononi mwa nani. Chama kina magari arobaini, alisema, na kila moja lina kiti kinacholia. Maneno hayo aliyatunza kama yai. Alikwenda kuonana na mwenye chumba kimoja cha kupangisha kando ya duka la matairi, chenye mlango mpana wa kuingiza kiti kizima; akapima kwa macho mahali pa meza ya kukatia na mahali pa kitanda kidogo cha mtoto. Mwenye chumba alimpa mpaka Jumatatu aseme ndiyo au hapana. Leo ilikuwa Jumamosi.

"Nilimwahidi baba," alisema sasa mumewe, akikitazama kitambaa chake. "Nilimwambia halitaguswa. Hili bango ni kwa ajili yake."

"Na panya? Wao walimwahidi nani?"

Mumewe alikikunja kitambaa. Alisema tu kwamba ni siku moja, bango moja, ngao moja ya ushindi. Wiki ijayo atawaambia watu mmojammoja, kimyakimya, na kazi zitakuja. Alilitamka hilo neno kimyakimya kana kwamba ni jina la barabara inayofika mahali. Mkewe alijua inafika wapi. Alikuwa akiishi huko.

Alimfuta mtoto mdomo, akamfunga mgongoni, akakaza fundo kuliko ilivyohitajika. Hasira yake haikuwa ya kelele. Hajawahi kuwa mtu wa kelele. Ilikuwa hasira ya pasi, isiyo na moshi wala mwali, ambayo ukiitazama utadhani ni chuma tu kimekaa mezani, mpaka uweke kidole. Na kilichompandisha joto hakikuwa uongo wenyewe. Uongo wa mumewe aliujua, ulikuwa mdogo na wa woga, kama wa mtoto aliyevunja sahani. Kilichomchoma ni kwamba aliuchagua kati ya vitu viwili vilivyokuwa mbele yake: neno aliloambiwa na mfu na neno alilompa aliye hai. Akapima, akaona aliye hai ndiye atakayevumilia.

Mwenyekiti akaja na filimbi yake shingoni na fulana ya chama iliyolibana tumbo. Alimpongeza mumewe kwa kumpiga bega, kisha akamgeukia yeye akiwa amekunjua uso wote. Mwamuzi ameshaanza mwanzo wa safu, alisema. Ingependeza akina mama wapitishe chai, wageni wakae na furaha.

"Shemeji, chai yako ina sifa zake," aliongeza. "Mkono wako ni mkono."

Akakonyeza. Mwaka uliopita, mimba ikiwa kubwa, mtu huyu alikuwa amekaa sebuleni kwao, akamwona na sindano mbili na rundo la ngozi mapajani, akamuuliza kama haumwi vidole. Alikuwa anajua. Wote wawili walikuwa wanajua, nao walikuwa wamesimama hapo wamebeba siri yake kama wanaume wawili wanaobeba kabati, kwa uangalifu, wakielekezana kwa macho.

Alikwenda kuchukua sinia. Mama Ndovu, aliyekuwa akimimina, alimtazama mara moja akaacha kumimina, akauliza kuna nini. Alimweleza kwa maneno machache. Mama Ndovu aliweka birika chini, akasema yeye mwaka jana ndiye aliyeziandika barua zote za chama, na katika mkutano mkuu katibu alipongezwa kwa mwandiko mzuri. Akasema hivyo bila kununa, akipanga vijiko. Utulivu ule ulimtisha kuliko hasira yake mwenyewe. Alijiona miaka kumi mbele, akipanga vijiko vilevile, akimsimulia mke mgeni wa mtu mwingine habari za viti fulani.

Mwamuzi alikuwa mzee mwembamba mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, tochi ndogo kwenye mfuko wa kifuani, na kioo cha mviringo kwenye fimbo kama cha daktari wa meno. Alikuwa amenyoosha bodi za magari maisha yake yote; ilisemwa kwamba aliweza kuijua rangi iliyopigwa mara mbili kwa kuigonga kwa ukucha. Alipofika kwa Kobe, watu kama thelathini walikuwa wamemfuata, maana kumsikiliza kulikuwa sehemu ya maonyesho. Aliizunguka bodi, akaguna. Akachungulia injini, akaguna tena. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akavua viatu, akavipanga nje kwa adabu kama anayeingia nyumbani kwa watu, akakaa.

Alikaa muda mrefu. Kwa kioo kidogo alitazama chini ya ukingo, kwa ncha ya kidole akaufuata mshono kutoka kona moja hadi nyingine. Alipotoka, alisimama na soksi zake kwenye nyasi, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Aliwaambia watu watazame ngozi ile. Ng'ombe wa siku hizi huchinjwa hajamaliza kukua, ndiyo maana ngozi zao hazina habari ya kusimulia. Aliwaambia wahesabu wenyewe, katika kila urefu wa kidole gumba mishono ni ileile, haizidi, haipungui, hata kwenye kona ambapo fundi yeyote huiba. Waliokishona kiti kile, alisema, walishona wakijua kuna mtu atakaa.

"Siku hizi hakuna fundi wa hivi," alimalizia. "Amekufa, na hakuacha mtoto."

Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mtu mmoja alitoa simu akapiga picha mshono. Mwenyekiti alivua kofia yake akaiweka kifuani. Naye, aliyesimama nyuma yao na sinia la birika na vikombe kumi na viwili, alihisi kwamba yuko kwenye msiba wake mwenyewe, na amepewa kazi ya kugawa chai.

"Yupo," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini lilitoka wakati wa kimya. Vichwa viligeuka. Mzee alikunja paji la uso, akauliza binti amesema nini.

"Shikamoo, mzee. Nasema fundi yupo. Na mtoto anaye."

Mumewe alicheka, kicheko kikavu kama kikohozi. Mwenyekiti akawahi kusema kwamba shemeji yao ana utani sana, ndiyo raha ya chama, watu waendelee na gari linalofuata. Mkono wake mpana ulikuwa tayari umemgusa mzee kiwiko kumwongoza. Mama yule aliona kwamba dakika inafungwa kama mlango, polepole na bila chuki, na kwamba ili aizuie anahitaji mikono yake yote miwili. Akatazama pa kuweka sinia. Akaliweka juu ya boneti ya Kobe.

Sauti iliyotoka kwenye umati ilikuwa ya watu walioona mtoto akianguka dirishani. Watu ambao bango la uongo halikuwashtua, sinia liliwashtua. Mwanachama mmoja alifumba macho. Birika la moto lilikuwa limekaa juu ya rangi ya miaka hamsini na minane, na hakuna aliyethubutu kuliondoa, maana aliyeliweka alikuwa ameshamfungua mtoto mgongoni, ameshamkabidhi kwa Mama Ndovu, na alikuwa akipita chini ya kamba.

Alivua viatu vyake, akaviweka karibu na vya mzee. Kwenye pete ya funguo zake kulikuwa na mkasi mdogo wa kukatia uzi.

Alimuuliza mzee, kwa adabu, mshono wa mashine, kama wa kiwandani, ukiukata uzi mmoja kisha ukavuta, huwa nini. Mzee alijibu kwamba kila mtu anajua: unafumka, unakimbia mpaka mwisho wa kiti kama mbwa aliyefunguliwa.

"Basi kata hapa, uvute."

"Siwezi kukata kitu cha miaka hamsini na minane, binti."

"Kina mwaka mmoja. Nitakata mimi."

Mumewe aliita jina lake. Si lile la chama. Lile halisi, la nyumbani, ambalo hakulitamka tangu waamke, na alilitamka kwa sauti ya mtu anayeiona glasi ikiwa hewani haijafika chini. Alilisikia. Akakata.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kuvunja njiti. Katikati ya kiti cha nyuma, mahali ambapo macho yote yangeanguka, mshono mmoja ulipasuka vipande viwili vilivyosimama kama nywele. Ilimuuma. Hakutegemea ingemuuma namna ile, tumboni, mahali palepale kiti kilipokuwa kimeegemea. Akasogea pembeni. Mzee akashika ncha ya uzi kwa kucha mbili, akavuta. Haukwenda. Akavuta kwa nguvu zaidi, mpaka ngozi ikanyanyuka kidogo. Mshono wa kushoto ulishika, wa kulia ulishika, kila mmoja umejifunga peke yake na kukataa kumfuata mwenzake. Akawasha tochi, akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa kiti, akachungulia ndani ya ule upenyo mdogo kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Sindano mbili," alisema, akiwa bado ameinama.

"Mbili."

"Na ngozi?"

"Kochi la wakili."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha kicheko kikapita umati mzima, si kibaya sana, kicheko cha watu waliokuwa wamevua kofia kwa heshima ya kochi. Mzee hakucheka. Alitoka garini, akajinyoosha kwa taabu, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Umenifanya mjinga mbele za watu," alimwambia.

"Si mimi, mzee. Mimi ndiye niliyekwambia."

Mzee akazima tochi yake. Kisha akageuka, taratibu, na macho yake yakavuka kamba, yakavuka sinia, yakamkuta mwenye gari. Alimkumbusha kwamba fomu aliisaini mwenyewe, na kwamba fomu hiyo inasema hakuna mkono uliogusa. Akamuuliza mbele ya wote nani ameshona viti hivi.

Kwake yule mama, huo ndio muda aliokuja kuutafuta, ingawa asubuhi aliufikiria umevaa nguo nyingine. Alisimama na soksi zenye umande, mkasi mkononi. Ngao hakuitaka. Kuombwa radhi hakukutaka, si hapo. Alitaka maneno mawili yatoke katika kile kinywa, kwa sauti ya kawaida, yafike mpaka kwa yule wa mwisho aliyesimama kwenye kamba: mke wangu. Au hata moja: huyu. Alimtazama mumewe, akaona anavyomeza mate, akaona macho yake yanavyokwenda kwenye usukani wa baba yake kama ya mtu anayeomba ruhusa. Mwenyekiti alikuwa akichunguza filimbi yake. Mtoto, mikononi mwa Mama Ndovu, alisema jambo refu lisilo na maana.

"Nitalisogeza gari," alisema mumewe.

Ni hilo tu. Akaja kulichukua bango kwenye kioo cha mbele, lakini mzee alikuwa ameshalishika. Naye yule mama akahisi ile pasi ndani yake haijapoa hata kidogo, bali imepata mpini. Mumewe alikuwa amekiri kosa bila kumtaja aliyekosewa. Alikuwa ameondoa uongo pale mezani, na mahali pake hakuweka kitu.

Mzee aliligeuza bango upande mweupe, akaliweka juu ya goti, akatoa kalamu. "Fundi unaitwa nani?"

Akalisema. Lake, na la baba yake, na la babu yake, lote, kama lilivyo kwenye cheti. Mzee aliuliza kama lina herufi moja au mbili katikati, akaandika. Akauliza anapatikana wapi. Alikawia kwa pumzi moja, kisha akamtajia kile chumba kando ya duka la matairi, chenye mlango mpana, ingawa ufunguo wake bado ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Mzee akaandika na hilo. Kisha, kwa sauti ya chini, kama fundi anayemuuliza fundi, akaomba aone pale palipokatwa panafungwaje.

Alikaa kiti cha nyuma. Uzi wa nta alikuwa nao, na sindano zake mbili hutembea naye zimechomwa ndani ya ukosi. Alipachika moja huku, nyingine kule, akaanza mishono mitatu nyuma ya jeraha ili nyuzi zishikane. Mzee alitazama kutoka mlangoni mpaka filimbi ya Mwenyekiti ilipolia kwa mara ya tatu, akaaga kwa kugonga paa kwa kidole, akaenda kwa gari la nne. Umati ukamfuata, ingawa wachache walibaki nyuma wakisoma bango. Mmoja aliuliza kwa sauti duka la matairi ni lile la karibu na daraja au lile lingine.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Mumewe alikaa kwenye usukani, akaufunga mlango. Boneti ilikuwa imeondolewa sinia. Palibaki duara jeupe la joto la birika, la ukubwa wa kiganja, na alilitazama kupitia kioo bila kusema kitu.

"Unashuka?" aliuliza.

Sindano mbili zikiwa katikati ya tundu moja haziachwi.

"Sishuki. Endesha."

Mahali pa magari yasiyo na kundi palikuwa mwisho wa uwanja, kwenye uzio, ambako mvua za juma lililopita zilikuwa zimeila ardhi na hakuna aliyepiga chokaa. Kobe aliondoka chini ya hema kwa mwendo wake wa taratibu. Watu waliwapisha pande zote mbili, wengine wakitazama mbele kwa dereva, wengine wakitazama nyuma. Gurudumu la kwanza lilipoangukia kwenye mtaro, gari liliruka na sindano ikamwingia kidoleni mpaka mfupani. Hakulia. Alikiweka kidole kinywani haraka, damu isifike kwenye ngozi, na alipoinua macho alikuta ya mumewe kwenye kioo kidogo, yakimtazama.

Alikuwa na mengi ya kumwambia macho yale. Alikuwa nayo tangu asubuhi, na mengine tangu kabla ya asubuhi, na alijua kwamba yatasemwa yote, leo au kesho, yakiwa ya moto hivihivi. Aliyaacha. Aliinama, akapachika tena sindano.

Mbele, mumewe alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa tu. Aliteremsha kioo, akatoa kichwa nje, akawa anaitazama ardhi.

"Shimo," alisema.

Mkewe akainua mikono. Gari likashuka, likapanda. Akaishusha mikono, akavuta uzi, akakaza.

"Jingine. Dogo."

Akainua. Likapita.

Walikwenda hivyo kando ya uzio, yeye akishona, yule akitaja. Mtoto alisikika mbali nyuma yao, akilia au akicheka, huwezi kujua kwa umbali ule. Mshono mmoja ulikuwa umebaki.

"Hili ni kubwa," alisema mumewe, na akasimamisha gari kabisa. "Subiri."

Akasubiri, sindano mbili hewani, uzi umenyooka kati yake, mpaka magurudumu yote manne yalipokuwa yamepita.